Kovu la Herufi

Mwaka wa sabini na moja nilipanda ngazi mara ya kwanza,
skrubu mfukoni, penseli mdomoni,
nikatundika H yenye kimo cha mwanangu Corinne.
Halloran na Wanawe: ghorofa mbili za mashuka na manukato,
makoti ya sufu, na mgahawa juu
ambamo akina mama wa Larkmoor walikula keki
bila kuvua glavu.
Nje, shamba la mahindi la mzee Stanek
lilikuwa limemwagiwa lami na kuchorwa mistari,
nafasi elfu tatu za magari.
Kiangazi cha kwanza mche mmoja wa mahindi uliota ufani
karibu na mlango wa mashariki.
Hakuna aliyeung'oa hadi Oktoba.

Kazi yangu herufi.
Wenye maduka huja na majina yao kama mabwana harusi,
nami huyapandisha ukutani, nikawasha taa, nikashuka.
Miaka hupita, simu hulia:
ngazi ileile, bisibisi ileile,
kuteremsha.

Duka la viatu likawa la kaseti.
La kaseti likawa la simu.
La simu likawa la simu nyingine.
Chemchemi ya katikati, watoto walipotupia senti na kunuia,
ilifukiwa ili kupisha kibanda cha miwani ya jua.
Nilimkuta Delmar mfagizi akizoa senti kwa koleo,
ndoo saba,
akaniuliza, Walt,
haya maombi ya watu niyapeleke wapi?

Kwa Vukovich fundi saa sikuitwa kamwe.
Miaka thelathini na minane baina ya ngazi ya umeme na choo,
herufi zake ndogo za shaba
akizisugua mwenyewe kila Jumatatu kwa soda na limau.
Alipokufa, mkewe alizibandua kwa kisu cha siagi
akaenda nazo nyumbani ndani ya kopo la biskuti.

Halloran walifilisika wiki ya Krismasi.
Kila kitu kiliuzwa: rafu, vioo, hata sanamu za kuvalishia nguo.
Mwanamke mmoja alinunua mkono mtupu, wa kushoto,
kwa dola mbili, akaukumbatia hadi kwenye gari.
Sikumuuliza.
Corinne alikuja kunishikia ngazi.
Sasa ana watoto, ana mgongo unaomuuma;
ile H haikuwa imeongeza hata inchi.
Tulipoiondoa, ukuta chini yake ulikuwa mweupe,
haujapigwa na jua wala masizi,
na jina zima likasomeka pale,
wazi kuliko lilipokuwa na taa.
Mwenye kovu usidhani kapoa.
Walipaka rangi mara mbili.
Mvua ikinyesha, Halloran anarudi.

Baadaye palikuwa fanicha, kisha jumba la mazoezi,
kisha duka la mavazi ya kutishia watoto,
wiki sita tu, bango la plastiki
lililofungwa kwa kamba.
Hiyo si kazi. Upepo uliligeuza,
likawa linausomea ukuta jina lake.

H iko gereji kwangu.
Makopo ya rangi yamekalia mwamba wake wa kati,
na kindi huweka njugu kwenye shimo la waya.
Corinne anasema niitupe.
Namwambia kesho.

Siku hizi ni kliniki ya kusafisha damu.
Herufi zao ni stika, kijana alizibandika asubuhi moja
akisikiliza muziki masikioni.
Sikupanda ngazi. Niliingia kwa mlango,
Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa nne nne,
mkono wangu juu ya mto, mashine ikinung'unika.
Dari hawakubadilisha.
Nazijua zile vigae, naujua ule mmoja wenye doa la kahawia
lenye umbo la buti.

Muuguzi Thuy alikuja kunikaza plasta.
Ametoka mbali, hakuwahi kuliona lile duka.
Mzee, akasema, watu huniambia hapa palikuwa pazuri sana.
Palikuwa na nini?

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto,
nikahesabu nguzo.
Soksi, nikamwambia.
Hapa hasa, kwenye kiti hiki,
palikuwa na soksi za wanaume.