Kumbukumbu Namba Saba

Mimi ndiye niliyeiandika, kwa kalamu yangu ya bluu:
"Kumbukumbu namba saba. Kanisa kuukuu libomolewe.
Imependekezwa na Adagala, ikaungwa mkono na Jerida."
Nikapiga mstari chini, kwa rula.
Kisha tukanywa chai ya maziwa mengi,
tukaliombea kanisa jipya, vioo vyake, vigae vyake,
maegesho ya magari thelathini,
ingawa hapa Kisagira magari ni manne
na moja halina injini.

Afisa wa kaunti alipanda kutoka Mbale siku ya Jumanne,
viatu vyake vikachota matope mekundu ya kilima.
Akauliza hati. Tukamfungulia sanduku la bati:
mchwa walikwisha kusoma kila ukurasa,
wakatubakizia majalada.
Akaandika: "Jengo halina kumbukumbu."
Akafunga faili, akaomba mwavuli.

Halina.
Usiku neno hilo lililala kati yangu na mke wangu
kama mtoto mwenye homa.

Alfajiri nikachukua tochi na utepe wa kupimia.
Nilijiambia naenda kuhesabu tu,
mnunuzi wa Chavakali asije akatupunja:
shilingi nane kila tofali, anajenga bucha na gesti.

Ukuta wa mashariki, safu ya tatu: kwato ya mbuzi.
Safu ya tano: kidole gumba kilichozama,
mtu alikuwa akijaribu kama udongo umekauka.
Safu ya sita, karibu na mlango walioingilia wanawake:
unyayo.
Mdogo. Vidole vimetawanyika,
kisigino kimeteleza kidogo, kama cha anayekimbia.

Nikaketi chini, kwenye kinyesi cha popo.

Bibi yangu Kageha, siku zake za mwisho,
alikuwa akinyoosha mguu juani na kusema:
"Mwenzake huu niliuacha kanisani."
Tukacheka. Tukasema ni uzee.
Kumbe mwaka wa nzige alikuwa na miaka minne,
matofali yameanikwa uwanja mzima,
akamwona mama yake akipanda kutoka mtoni na mtungi,
akamkimbilia, akakatiza juu ya udongo mbichi.
Alichapwa. Tofali halikutupwa,
kwa kuwa hayakuwa yakitosha.

Jiwe la msingi lina jina moja tu,
la mgeni aliyekaa misimu mitatu akarudi kwao.
Herufi zake bado kali.
Halisemi maji yalitoka wapi.

Siku tisa nilibisha milango, daftari kwapani.
Vugutsa, mama wa Kageha: utosi wake ulipata upara
wa mviringo, sawa na kata ya migomba aliyotwishia.
Kavere: alikanyaga udongo na mimba ya miezi minane.
Muhonja na Minayo: walikesha kwenye tanuri,
mmoja akaungua nyusi na hazikuota tena,
ila wajukuu wanagombana ni yupi.
Na mwingine, aliyekumbukwa kwa kikohozi chake pekee.
Hapo nikaacha nafasi, nikaandika: "Alikuwepo."

Jumamosi, saa nne, mwenyekiti akasema:
"Mwandishi, tusomee kumbukumbu."
Nikasoma ya kwanza mpaka ya sita.
Nilipofika ya saba nikasoma majina.

Jerida akakohoa. Adagala akatazama saa,
akaitikisa, kana kwamba imesimama.
Nikaendelea, sauti ikinitetemeka kama ya mwizi:
"Kadenyeka, mke wa fundi wa paa.
Mguu mmoja mbovu. Mitungi minane kwa siku.
Hakuimba na wenzake; alihesabu hatua."

Adagala akavua kofia.
Akaitazama ndani, akaifuta vumbi ambalo sikuliona.
"Hilo la mama," akasema,
"hebu lirudie."

Nikalirudia.

Kura haijapigwa mpaka leo.
Mnunuzi wa matofali amepiga simu mara mbili.