Nukta Peke Yake

Saa kumi na moja jioni Eda Mgaya alibofya "tuma",
akafunga ofisi ya ushirika, akavaa kofia ya sufu,
akashuka zake Mji Mwema.
Kwake barua imekwisha kwenda.
Kwangu ndiyo kwanza imefika.

Mimi nalinda mashine. Iko chini ya ngazi,
kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magunia,
kitu pekee chenye joto Njombe nzima mwezi wa Julai.
Paka wa mlinzi anaijua kuliko mimi.

Kazi ya kwanza ya programu si kukimbia. Ni kuandika.
Kabla haijamwambia Eda "sawa, nimepokea"
imeinakili barua kwenye diski, neno kwa neno,
na picha tatu za majani ya viazi yenye mabaka,
ili umeme ukikatika (na utakatika)
ahadi ibaki.

Ndipo inauliza njia:
nyumba ile ya Mbeya, nani hupokea barua zake?
Inapewa majina mawili, kila moja na namba.
Namba ndogo ni mlango wa mbele.
Kubwa ni wa uani, hubishwa mbele pakiwa kimya.

Inabisha.
Kwetu huwezi kumkuta mtu ukaanza na shida yako;
kamwene, kamwene, za nyumbani, watoto,
na yule ng'ombe aliyekuwa anachechemea?
Mashine nayo ina kamwene yake:
Hujambo, mimi ni fulani wa Njombe.
Nimetumwa na huyu.
Namtafuta yule. Yupo?

Mia nne hamsini na moja, wanajibu Mbeya.
Yaani: hatukujui, rudi baadaye.

Zamani niliiona dharau.
Lwitiko, aliyenifundisha kazi hii, alicheka:
matapeli wa barua hawana muda wa kurudi.
Wanapiga hodi elfu kwa dakika, wanasonga mbele.
Mlango unampima mgeni kwa subira yake.

Basi tunasubiri. Robo saa. Nusu saa. Saa nzima.
Saa nne usiku ukungu unaimeza antena juu ya bati
na sasa hata hodi haifiki.
Programu inaandika kwenye daftari lake, bila kinyongo:
imeahirishwa.
imeahirishwa.
Anayetukana ni mimi.

Maana najua kilichomo. Sikuchungulia, Eda alinionyesha:
jani limeungua pembeni, chini yake utando mweupe.
Nao tunauita ukungu, wa hewani na wa kwenye viazi,
neno moja, na usiku huu liko kazini pande zote mbili.
Huko Uwemba watu wamekaa na mabomba matupu mgongoni
wakingoja kuambiwa dawa gani.

Siku tano. Hiyo ndiyo subira yake yote.
Zikiisha haitupi barua shimoni, haidanganyi kuwa imefika.
Inamrudishia Eda, na bahasha, na sababu:
nilikwenda mara kadhaa, nikaambiwa hivi.

Mwaka juzi shangazi Melania alinipa salamu za mwanawe, Tunduma.
Sikumkuta.
Nikasema nimezifikisha.

Saa tisa na dakika nane usiku paka anainua kichwa.
Taa ya kijani inapepesa. Kamwene.
Mimi ni yule yule wa Njombe.
Mbeya wanakumbuka. Haya, leta.
Barua inapita mstari kwa mstari,
majani matatu yamesagwa kuwa tarakimu
yakipita Makambako, Igawa, Chimala,
mpaka mwisho, ambapo kanuni inataka
mstari usio na kitu ila

.

Kimya.
Hapa huzuia pumzi, miaka sita sasa sijazoea.
Kisha: mia mbili hamsini. Tumeipokea, sasa ni yetu.
Hapo tu, si kabla,
programu inafuta nakala yake.

Nje bado giza, bati linadondosha maji.
Nimetafuta jina la shangazi kwenye simu.
Nimeandika: zile salamu za Tunduma