Mstari wa Chuma

Kiborloni, saa nane za usiku. Umeme umerudi,
friji ya jirani imekohoa, ikashika kazi,
nami nahesabu tena:
chembe mia nne na kumi na mbili za eksirei,
mavuno ya usiku mzima wa darubini
inayozunguka kule juu, nje ya hewa,
ikikitazama kiini cha galaksi isiyo na jina, ina namba tu.
Mia nne na kumi na mbili. Mama, akichambua kahawa,
hutupa mbovu nyingi kuliko hizo
kabla chai haijachemka.

Kwetu chini haifiki hata moja. Hewa huzimeza.
Hata Kibo, anayejigamba mbele ya Mawenzi,
hajawahi kuguswa na mwanga huu.

Baba aliguswa na ndugu yake.
Hospitali ya rufaa, mwaka wa mvua nyingi,
Aminieli alibandika picha ya mkono kwenye kioo chenye taa,
akaniita: Njoo uone.
Mifupa ilikuwa kijivu, kama moshi uliokaa kitako.
Na ndani ya kiganja, kinang'aa bila aibu,
kipande cha chuma, kidogo kuliko punje ya ulezi.
"Hicho? Kiliruka kwenye fuawe," baba alisema,
"kabla hujazaliwa. Mundu wa Ndetaramo.
Hajanilipa mpaka leo."
Akakataa kitolewe. Kimenizoea, alisema.
Tukamzika nacho Mamba, kihambani, kando ya migomba.

Sasa chuma kiko hapa, mbele ya macho yangu.
Gesi inalizunguka shimo
kama maji ya mfongo yaliyokuta tundu la fuko:
yanajikunja, yanaharakisha, hayarudi.
Moto ulioning'inia juu yake unapiga,
na chuma kilichomo kinajibu
kwa sauti yake ile moja.
Baba alikijua chuma kwa mlio
hata akiwa amegeukia ukuta.

Lakini mstari wangu haukusimama wima kama msumari.
Umeinama. Una mkia mrefu upande wa unyonge,
kwa kuwa mwanga huo umetoka shimoni kwa kupanda,
kama shangazi Aikaruwa na mzigo wa majani
kutoka tambarare hadi zizini:
hufika, ndiyo, lakini si yule aliyeondoka.

Au si mstari. Huenda ni kelele tu,
chembe nne tano zilizokutana kwa bahati.
Profesa ameandika: Usitangaze. Ngoja.
Nyundo ya kwanza ni ya kuuliza, baba alizoea kusema,
ya pili ndiyo ya kuamini.

Pap. Umeme tena.
Friji kimya. Kiborloni nzima giza,
na ule mstari bado nauona, umeinama,
kama anavyouona moto
mtu aliyechungulia tanuru akafumba macho.