Upenu wa Gari la Boflo

Gari hili lilikuwa la maboflo.
Hata leo, ukivuta mlango wa nyuma,
harufu ya hamira inatangulia kukuamkua.
Kitanda nimekipiga kwa mbao za makasha ya vigae,
pazia Mize kashona kwa kanga mbili zisizojuana,
jiko lipo, dumu la maji lipo,
na taa ya sola, ndogo kama kisahani cha kahawa.

Lakini ikifika saa sita ya mchana
bati linatuoka,
mikate miwili iliyosahauliwa kuteremshwa.

"Nyumba isiyo na upenu," Mize akaniambia,
akijipepea kwa kifuniko cha sufuria,
"ni kama uso usio na nyusi. Jasho lote machoni."

Nikenda Chake. Dukani kipo kivuli cha kukunja,
kina mkono wa kuzungusha, kimetoka Dubai,
laki sita na nusu.
Nikakishika, nikakisalimu, nikakiaga.
Mfukoni elfu arubaini na tatu,
na humo humo imo nauli.

Mjomba Shaame akanipa turubali lake la kuanikia karafuu
kwa sharti: nisilikate, nisilitoboe,
"na msimu ukifungua, nalitaka kabla sijalitaja."
Lina viraka viwili na madoa ya miaka kumi;
ukilikunjua, pua inawaka.
Nikalikunja pindo, Mize akalishona kwa uzi wa nyavu
(sindano, tulikubaliana, si kutoboa),
nikapitisha bomba la maji la nusu inchi, elfu sita.
Kamba elfu tano, riveti elfu tatu,
ndoano nne nimezipinda mwenyewe kwa kipande cha nondo,
silikoni elfu saba, nusu yake imeishia vidoleni.
Miguu ni ya mvinje, bure,
tumeiokota ilipoangushwa na upepo.
Keekee ni ya Mbarouk, fundi wa madirisha ya alumini,
aliyeniazima pamoja na wasia:
"Toboa chini ya mfereji, sio juu.
Maji hayasahau tundu."

Nikaipima miguu sawasawa,
kwa kamba, kwa shibiri, kisha kwa jicho moja,
nikarudi nyuma hatua saba kujisifia.

Usiku ule tulikuwa Konde, karibu na msitu wa Ngezi.
Mvua ya vuli ikaja bila kubisha
na turubali likaanza kushiba.
Likashuka tumbo, likazidi kushuka,
mbuzi wa mimba juu ya vichwa vyetu.
Nikatoka na ufagio, nikalisukuma kwa chini,
na maji yote ya mbinguni yakanichagua mimi.
Mize alicheka mpaka taa ikayumba.

Kumbe usawa ndio uliokuwa kosa.
Nikakata mguu mmoja, shibiri nzima, gizani, nimerowa chapa,
na tangu hapo upenu wetu unakwenda upogo
na maji yanaijua njia.

Asubuhi akaja mtu.
Watu hutugongea bodi, pa! pa!, kama abiria wanaotaka kushuka.
Huyu alifika ukingoni mwa kivuli,
akavua makubadhi, akayapanga, akakohoa:
"Hodi hapa."
Tukatazamana. Gari halijawahi kupigiwa hodi.
Nani aitikie?
"Karibu," tukasema kwa pamoja, kama watoto wa chuoni.
Akainama, akaingia kivulini,
akachungulia ndani kwa adabu.
"Maboflo yapo?"

Maboflo hayapo, Mize akamwambia, ila chai ipo.
Akakaa. Tukazungumza bei ya vitunguu
mpaka kivuli kikatuhama.

Juzi simu imelia. Shaame hakulitaja turubali.
Alisema tu kuwa karafuu za mapema zimewiva.
Nimefungua mafundo manne.
Gari limesimama kama uso ulionyolewa nyusi.
Ndoano tumeziacha; Mize kazipaka mafuta ya nazi
zisishike kutu.

Viatu bado tunavivulia pale pale,
juani.