Mpira wa Kufungia

Hauna jina dukani. Hauna boksi.
Ukimuuliza Ruhaga, fundi baiskeli pale Mwandiga,
atakwambia "mpira" tu, huku akizamisha tyubu kwenye beseni
kutafuta povu linakotokea.
Tyubu ikishakula viraka kumi na kimoja
haiponi tena. Anaikata kwa wembe,
duara kwa duara, mpaka inakuwa ukanda
mrefu kama mtu aliyenyoosha mkono juu.
Shilingi mia tatu.
Ukiwa umemletea baiskeli, bure.

Huu wangu una miaka tisa.
Naujua kwa kiraka chake karibu na ncha,
chekundu, cha mviringo, kama kovu la chanjo.

Umebeba mawese kutoka Mahembe,
dumu la ishirini huku, la ishirini huku,
juu yake mkungu, na juu ya mkungu kuku
anayetazama barabara kama mwenye gari.
Umekuwa bawaba ya banda la mbuzi.
Umelikaba bomba lililokuwa likilia usiku kucha
watu wa maji wakisema kesho.
Siku moja ya mvua, kuni zimelowa,
nilikata kwenye ncha kipande cha kidole kimoja, nikakiwasha:
kikanuka, kikatoa moshi mweusi,
moto ukashika. Uji ukaiva.
Nikauomba radhi.

Gwasa, mtoto wa dada, alinitumia kutoka Dar
kamba ya kisasa. Rangi ya chungwa. Ndoano pande zote mbili.
Kwenye pakiti, picha ya tembo
(wala hakuwa amefungwa, alikuwa amesimama tu).
Maandishi sikuyaelewa, ila alama za mshangao
nilizihesabu: sita.
Majirani walikuja kuigusa. Hata mimi, nisiseme uongo,
nilipita sokoni nikikokota baiskeli polepole
ili ionekane.
Wiki ya pili, mteremko wa kushukia Mwanga,
ndoano ikanyooka kama kidole kinachokusuta.
Dumu likapasuka. Lita ishirini.
Barabara iliyanywa mawese yangu
na haikusema hata ahsante.
Sikulia. Nilikaa pembeni nikapangusa mnyororo,
nikapiga hesabu, nikaifuta, nikaipiga tena.

Simlaumu Gwasa. Alitaka nipate kitu kizuri.
Kamba ile sasa tunaanikia nguo,
na nguo zinapendeza.

Ila kuna jambo Gwasa halijui, alikuwa mdogo.
Usiku ule mama alipozidiwa gari halikuwepo,
na daraja lilikuwa limekwenda na maji.
Ntahondi na mdogo wake walileta kiti cha jikoni
wakakifunga kwenye keria.
Kisha mama kwenye kiti: mpira kifuani, mpira kiunoni,
na mmoja miguuni, wenye kiraka chekundu,
taratibu, asije akaumia.
Mama akasema, "Mmenifunga kama gunia la dagaa."
Tulicheka huku tunasukuma,
vilima vitatu, matope hadi kwenye spoku.
Alifika zahanati ameketi wima,
kilemba chake hakijahama.
Kilichotokea baadaye ni habari nyingine.
Mpira haukuhusika.

Sasa msumari nyuma ya mlango uko mtupu.
Bukuru aliuazima Jumanne, kufungia godoro.
Leo Ijumaa.
Nina madumu mawili uani na soko ni kesho.
Bukuru, najua godoro lilifika. Nimeliona, limeanikwa.
Uniletee mpira wangu.
Usinipe mwingine.