Kwetu Bado Hajafa

Wiki tatu wamelitangaza:
Jumamosi, saa tatu usiku,
kwa mara ya kwanza, bure, nchi nzima.
Hata taarifa ya habari ikisomwa
linapita chini ya kidevu cha msomaji
kama siafu waliohama na mvua:
kwa mara ya kwanza, kwa mara ya kwanza.

Gwamaka wa nyumba ya juu anacheka.
Yeye ana ungo juu ya bati.
"Ya kwanza kwa nani? Mimi niliiona mwezi wa pili,
bila tangazo hata moja.
Mnachosubiri ni kiporo."
Mama hakuinua uso kwenye ungo wake yeye,
ule wa maharage.
"Kiporo cha magimbi na chai ya asubuhi
ulikikataa lini, Gwamaka?"

Akataka kuongeza: "Yule steringi, pale darajani, ana—"
"Nyamaza.
Kwenu kafa. Kwetu bado hajafa.
Kwetu atakufa Jumamosi, kama kufa kupo."

Jumamosi Tukuyu ilinyesha
kama ilivyonyesha Ijumaa, na Alhamisi.
Antena yetu iko juu ya mwanzi,
mwanzi umefungwa kwenye nguzo ya zizi,
na ng'ombe akijikuna, picha inatetemeka.
Lusajo alisimama nje ndani ya koti la baba, akizungusha.
"Hapo! Hapo hapo! Umepitiliza.
Rudi kidogo, upande wa Kiwira."

Wakaja. Anyelwisye na wanawe watatu,
fundi cherehani na mkasi wake mfukoni,
na mwisho kabisa, akipangusa matope kizingitini,
Gwamaka.
"Kifurushi kimekata tangu jana," aliviambia viatu vyake.
Hakuna aliyecheka.
Mama akamsogezea kigoda,
kile cha karibu na jiko.

Dakika kumi za filamu,
kisha sabuni, kisha mbolea, kisha mkopo wa haraka,
kisha sabuni ileile,
kana kwamba tulikuwa tumechafuka tena hapo katikati.
Anyelwisye akaguna.
"Waache," Mama akasema, vidole vikitupa kokoto,
"hao wa sabuni ndio walionilipia kiti."
Filamu haijafika nusu, maharage ya kesho
na ya keshokutwa yalikuwa safi sufuriani.

Halafu daraja.
Steringi akatokea na shati lake jekundu, amelowa,
mvua ya kule na mvua ya huku zikachanganyika
hata hatukujua ni ipi iliyopiga bati.
Nikamwibia Gwamaka jicho:
ameuma ukingo wa kofia yake
kama mtoto aliyetumwa mkate na njaa ikampata njiani.
Adui akainua bastola—

na umeme ukakatika, Tukuyu nzima.

Giza. Ng'ombe akajikuna bure.
Tulikaa. Makaa yalituonyesha magoti tu.
Mwishowe fundi cherehani, kwa sauti ya mtu anayekopa:
"Haya, Gwamaka. Sema basi."

Lilikuwa zamu yake, tajiri peke yake
katika chumba cha mafukara wa dakika ishirini.
Nilimsikia akivuta pumzi.
"Sikumbuki vizuri," akasema.
"Siku ile nilisinzia."

Gwamaka! Aliyekisimulia kijiwe kizima
mpaka idadi ya risasi.

Mama akafunika maharage.
"Watarudia," alisema. "Vya bure hurudia."

Leo Jumatano. Gwamaka amelipia,
kwake dirisha ni la buluu mpaka usiku wa manane.
Asubuhi alipita kuchukua maziwa, akaulizia ng'ombe,
akaulizia mvua,
la daraja hakuligusa.

Na kwetu yupo mtu pale juu ya maji,
shati jekundu, hajakauka,
anausubiri umeme.