Debe Tupu

Nilikuwa karani wa zamu ya usiku, kiwandani Muhoroni.
Kazi yangu kupanda ngazi ya tanki namba tatu,
kusoma geji, kushuka,
kuandika neno moja daftarini:
Kawaida.
Madaftari manane yamejaa neno hilo kwa mwandiko wangu,
K yake imelala kidogo, kama mtu aliyeegemea ukuta.

Roselida Apondi alifagia uwanja wa molasi.
Kila alfajiri, chini ya matanki,
alikusanya nyuki waliokufa kwa uroho wao,
mabawa yamegandana, miguu juu,
akawapima kwa debe la mafuta ya kupikia.
Nusu debe msimu wa mvua. Kiangazi, debe pomoni.
Hakuna aliyemwagiza kupima.
"Ukifagia kitu miaka kumi na minne," alisema,
"utakosaje kujua kimo chake?"

Jumanne akaja na debe tupu.
Akaliweka mezani kwa Mhandisi Lusweti,
taratibu, kama anayeandaa chai.
"Nyuki hawaji tena namba tatu.
Moja wapo. Mbili wapo. Tatu, hata wa dawa.
Na ukuta wake unaguna."
"Unaguna?"
"Kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani yenye umande."

Tukacheka. Mimi nilicheka wa pili, si wa kwanza;
nimelihesabu hilo mara nyingi.
Meneja, aliyekuwa amenunua dawa ya kuwaua,
akasema: "Tuliomba waondoke, wameondoka.
Sasa nalo ni kosa?"
Na Lusweti, akilisukuma debe kwa ncha ya kalamu:
"Debe tupu, mama, haliachi kuvuma."

Kisha wakanigeukia. Geji inasemaje?
Thelathini na nane.
Na jana?
Thelathini na nane.
Sikusema kwamba sindano ile haijasogea
tangu mwanangu wa pili azaliwe.
Niliwahi kuigonga kwa kidole. Ikatikisika,
ikarudi palepale,
nami nikarudi palepale.

Wakamhamishia lango la matrekta, usiku,
afagie maganda ya miwa yanayodondoka.
Alipita dirishani kwangu, debe kwapani,
akasema bila kusimama:
"Weka kiganja tu. Mkono si unao?"

Sikuweka.
Alhamisi sikuweka. Ijumaa nilipanda nimevaa glavu.

Jumapili mvua ikashuka kutoka milima ya Nandi,
ile nene, isiyobisha hodi.
Namba moja ikalowa, ikang'aa chini ya taa.
Mbili ikang'aa.
Tatu ilisimama kavu, imejitanda mvuke,
kama sufuria iliyosahauliwa na mwenye nyumba.
Ndipo harufu ikaja: sukari inayoungua kijikoni,
mama akikutengenezea dawa ya kikohozi,
ila kijiko chenyewe kina urefu wa nyumba nne.
Msumari mmoja ukafyatuka ukutani.
Sikusikia ulikoangukia.

Nikakimbilia king'ora.
Kifuniko cha kitufe kilikuwa na vumbi la miaka.
(Daftari la majaribio ya king'ora nalo ni langu.
Nalo linasema kawaida.)
Nikabonyeza.

Hakikulia.
Juu ya mlingoti, ndani ya kinywa chake cha bati,
kitu kikavuma, kwa hasira ndogo ndogo nyingi,
na tone zito likanidondokea usoni.
Nililamba kabla sijafikiri.
Asali.
Nikasimama pale chini, mvua inaninyeshea,
kidole bado kwenye kitufe,
mtu mzima anayejua hatimaye walikohamia.

Kisha, upande wa lango la matrekta,
gongo likakutana na bati. Mara moja. Mara ya pili.
Halafu bila kupumzika, bila mdundo wowote wa ngoma,
kelele mbaya, kavu, ya mtu asiyengoja kuaminiwa,
mpaka taa za nyumba za wafanyakazi zikaanza kuwaka
moja baada ya nyingine,
na milango,
na watoto wakibebwa wakielekea reli.